Wastani wa Shule ni wa Watoto Gani? Mwongozo wa Kusoma Matokeo ya Shule ya Msingi ya Serikali

Kila mwaka, kwa kawaida kati ya mwisho wa Oktoba na Novemba, Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA) likishatoa matokeo ya darasa la saba, makundi ya WhatsApp ya wazazi hujaa picha za skrini. Shule hii wastani 210, ile 140, na kabla jua halijazama kuna watu wameshaamua Januari mtoto ahamie wapi. Namba hizo si za uongo. Ila zinahesabu watoto waliokaa kwenye chumba cha mtihani mwezi Septemba, basi. Walianza wangapi, wangapi walipotelea njiani, nani alikariri darasa, nani alikuwa akipelekwa machungani kila msimu wa mvua: hayo utayatafuta mwenyewe.

Mwongozo huu ni wa mzazi, mjumbe wa kamati ya shule au diwani anayetaka kuijua shule moja ya serikali kwa undani. Unahitaji simu yenye intaneti, daftari, kikokotoo, na utayari wa kwenda kuzungumza na mwalimu mkuu kwa adabu. Kazi ya mtandaoni inaisha kwa jioni moja. Ya shuleni inategemea utakavyopokelewa.

Hatua ya 1: Fungua ukurasa wa shule yenyewe

Ingia necta.go.tz, nenda kwenye matokeo, chagua PSLE (mtihani wa kumaliza elimu ya msingi), kisha mwaka, mkoa, halmashauri na shule. Nakili namba ya shule inayoanza na herufi PS. Shule zinazoitwa Uhuru, Azimio, Mapinduzi au Majengo zipo tele nchini, na nimeshaona watu wakibishana nusu saa kuhusu shule mbili tofauti zenye jina moja.

Mtihani una masomo sita: Kiswahili, Kiingereza, Hisabati, Sayansi na Teknolojia, Maarifa ya Jamii na Stadi za Kazi, na Uraia na Maadili. Kila somo lina alama 50, hivyo jumla ni 300. Madaraja ya jumla yamepangwa hivi:

A: 241 hadi 300
B: 181 hadi 240
C: 121 hadi 180
D: 61 hadi 120
E: 0 hadi 60

Aliyefaulu ni mwenye A, B au C. Maana yake mtoto mwenye 122 na mwenye 280 wote wanahesabiwa "wamefaulu". Kitaifa, ufaulu ulikuwa asilimia 80.58 mwaka 2023 na 80.87 mwaka 2024, shule binafsi zikiwemo. Kwa hiyo shule inayojisifu kwa ufaulu wa asilimia 80 imefika pale ilipo nchi kwa jumla. Si vibaya, lakini hakuna cha kupigia ngoma.

Usitafute nafasi ya shule kitaifa kwenye matokeo ya karibuni. Tangu Januari 2023 NECTA iliacha kutangaza shule bora na watahiniwa bora. Mimi naona uamuzi ule ulikuwa sahihi, ingawa umewaachia watu wa mitandaoni kazi ya kupanga orodha zao wenyewe, nyingine za ajabu kabisa.

Hatua ya 2: Shuka chini ya wastani

Wastani wa shule ukishauandika, tazama jedwali la madaraja kwa wasichana na wavulana. Shule mbili zinaweza kuwa na wastani wa 165 kila moja, moja ikiwa na watoto karibu wote daraja C, nyingine ikiwa na A na B nyingi juu, na D na E nyingi chini. Ya kwanza inafundisha kwa usawa lakini haivuki. Ya pili huenda ina mkondo mmoja unaopewa walimu wazuri na mwingine ulioachwa. Kama shule ina mikondo, muulize mwalimu wa taaluma watoto wanagawanywaje. Wakipangwa kwa uwezo, mwanao akiwa mkondo wa "B" au "C" wastani wa shule haumhusu sana.

Kisha tazama somo kwa somo. Kwenye shule nyingi za serikali Kiswahili ndicho kinachobeba wastani, na Kiingereza na Hisabati ndizo zinazouvuta chini. Hilo ni la nchi nzima, usimlaumu mwalimu wa Kiingereza peke yake. Kinachostahili swali ni somo linalokwenda kinyume na mazoea: Sayansi ikiwa chini kuliko Hisabati, kwa mfano, au Kiswahili kikiwa dhaifu. Mara nyingi chanzo ni mwalimu aliyehamishwa katikati ya mwaka bila mbadala.

Hatua ya 3: Lifuate kundi lile lile kurudi nyuma

Hapa ndipo penye kazi. Watu wengi hupaacha kwa sababu tovuti haiwezi kukusaidia. Unahitaji daftari la uandikishaji, rejesta za mahudhurio na kumbukumbu za uhamisho, na hivyo vyote viko ofisini kwa mwalimu mkuu.

Swali ni moja: watoto waliofanya mtihani mwaka huu walikuwa wangapi walipokuwa darasa la tatu? Usianzie darasa la kwanza. Darasa la kwanza huchanganya wapya na wanaokariri, na kwenye baadhi ya shule huwa limejaa watoto walioandikishwa Januari wakahama kabla ya Juni. Tena ule wimbi wa 2016, elimu bila ada ilipoanza, ulileta darasani watoto wa umri tofauti tofauti kwa mkupuo, na takwimu za darasa la kwanza za miaka ile hazifai kulinganishwa na za miaka mingine.

Waliofanya mtihani mwaka 2024 walikuwa darasa la tatu mwaka 2020. Chukua idadi ile, ongeza waliohamia, toa waliohamia shule nyingine na kupokelewa huko. Unachopata ni idadi ya watoto waliotarajiwa kukaa kwenye chumba cha mtihani. Uhamisho unathibitishwa kwa namba ya PREM, ile namba ya mwanafunzi inayomfuata kokote aendako, kwa hiyo "amehama" bila shule ya kupokea ni neno la kutiliwa shaka.

Nitumie shule mbili za kubuni ili hesabu ieleweke.

Shule ya Kwanza: watahiniwa 38, wote wamefaulu, wastani 196. Kwenye kundi la wazazi ndiyo inayosifiwa. Darasa la tatu mwaka 2020 lilikuwa na watoto 71. Waliohamia 4, waliohama 9. Waliotarajiwa ni 66. Waliofika ni 38. Watoto 28 hawapo.

Shule ya Pili: watahiniwa 152, waliofaulu 129, yaani asilimia 84.9, wastani 168. Darasa la tatu lilikuwa na 160, waliohamia 14, waliohama 17. Waliotarajiwa ni 157. Waliofika ni 152.

Sasa gawanya waliofaulu kwa waliotarajiwa. Shule ya Kwanza ni 38 kwa 66, asilimia 57.6. Shule ya Pili ni 129 kwa 157, asilimia 82.2. Ile yenye ufaulu wa asilimia 100 imevusha watoto zaidi kidogo ya nusu.

Usikimbilie kuishtaki Shule ya Kwanza. Wale 28 wanaweza kuwa na maelezo, na kila maelezo yana uzito wake. Wapo waliokariri darasa la nne, kwa sababu asiyefikia kiwango kwenye upimaji wa kitaifa wa darasa la nne anarudia. Hao watatokea kwenye mtihani wa mwaka unaofuata. Kama shule ina kitengo cha watoto wenye ulemavu wa akili, wengi wa watoto hao hawafanyi mtihani wa darasa la saba, na ulipaswa kuwatoa kwenye hesabu tangu mwanzo. Wapo waliofariki. Wanaobaki baada ya hao wote ndio mdondoko: utoro wa kudumu, mimba, ndoa, kazi za ndani mjini, uvuvi, machimbo, mifugo.

Lipo pia jambo ambalo halisemwi kwenye vikao: mzazi kuitwa pembeni na kuambiwa mwanao mzito, ni bora umpeleke kwingine, au arudie darasa la sita. Ukiona idadi inashuka ghafla kati ya darasa la sita na la saba kuliko ilivyoshuka miaka mingine yote, uliza hapo hapo. Mdondoko wa kawaida hauchagui mwaka wa mtihani.

Na kinyume chake nacho kipo. Ruzuku ya uendeshaji, shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, huhesabiwa kwa idadi ya watoto, kwa hiyo jina la mtoto aliyeondoka zamani likibaki kwenye rejesta kuna anayefaidika. Mwaka 2016 serikali iliagiza uhakiki wa wanafunzi hewa kwa sababu hiyo. Idadi ya rejesta ilinganishe na vichwa vilivyopo darasani Jumanne ya kawaida.

Hatua ya 4: Andika wasifu wa watoto

Kwa Tanzania, wasifu wa wanafunzi hauanzii kwenye rangi wala kabila. Sensa yetu haijauliza kabila tangu ile ya 1967. Vinavyotenganisha watoto kwenye matokeo ni vingine.

Jinsia kwanza. Miaka ya karibuni wasichana wanaofanya mtihani wa darasa la saba kitaifa ni wengi kuliko wavulana. Ukikuta darasa la saba lina wasichana 60 na wavulana 35, wakati darasa la tatu walilingana, jibu utalipata nje ya shule: ziwani, machimboni, kwenye bodaboda au kwenye ng'ombe. Wasichana wakiwa ndio wachache, maswali yanabadilika.

Umri. Hesabu wangapi wamezidi umri wa darasa lao kwa miaka miwili au zaidi. Mtoto wa miaka 15 darasa la sita yuko karibu sana na mlango wa kutokea.

Elimu ya awali. Muulize mwalimu wa darasa la kwanza wangapi waliingia bila kupita darasa la awali. Hao ndio wanaofika darasa la tatu wakiwa bado hawajashika KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), na baadaye kila somo linawapita.

Lugha ya nyumbani. Kwa mtoto wa Tandika au Tanga mjini Kiswahili ni cha nyumbani. Kwa mtoto wa kijiji cha wafugaji huko Ngorongoro, au cha Wasukuma ndani kabisa, Kiswahili cha mwalimu wa darasa la kwanza kinaweza kuwa lugha ya pili, na Kiingereza ya tatu. Wastani ule ule wa 150 kwenye shule hizo mbili una jasho tofauti.

Umbali na chakula. Gawanya watoto kwa makundi mawili tu: wanaotembea chini ya saa moja na wanaozidi. Kisha uliza kama kuna uji au chakula cha mchana, na nani anakula. Pale chakula kinapotegemea michango ya wazazi, mara nyingi wanaobaki bila kula ndio wale wale waliotembea mbali.

Wenye ulemavu. Wapo wangapi, wa aina gani, na wanapata nini: nukta nundu, maandishi yaliyokuzwa, mwalimu wa lugha ya alama, au wamekaa tu dawati la mbele.

Kipengele ninachokipenda kuliko vyote ni mahudhurio ya siku ya mnada. Kila eneo lina siku yake ya gulio. Chukua rejesta za mwezi mmoja, hesabu wastani wa mahudhurio siku ya gulio, linganisha na siku nyingine. Rudia kwa mwezi wa kupalilia na mwezi wa kuvuna. Tofauti ikiwa ndogo, wazazi wa shule ile wako pamoja na walimu, hata kama madirisha hayana vioo. Ikiwa theluthi ya darasa inapotea kila siku ya mnada, hakuna mwalimu atakayewafikisha pale unapotaka.

Hatua ya 5: Walimu, vyumba, vyoo

Hapa uende haraka. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45, tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Shule ya watoto 1,240 na walimu 16 ina mwalimu mmoja kwa watoto 77 au 78. Lakini wastani huo nao unaficha: shule nyingi huwalinda wa darasa la nne na la saba kwa sababu ya mtihani, na kuwarundika wa darasa la kwanza na la pili. Ingia mwenyewe darasa la pili uhesabu. Kama shule ina zamu ya asubuhi na ya mchana, andika pia saa halisi za masomo kwa siku.

Hatua ya 6: Usihukumu kwa mwaka mmoja

Shule yenye watahiniwa 16, mtoto mmoja ni asilimia 6.25. Watatu wakiugua malaria wiki ya mtihani, ufaulu unaporomoka na hakuna kilichobadilika darasani. Ndiyo maana shule ndogo ndizo zinazoonekana kileleni na mkiani kila mwaka.

Dawa yake ni kujumlisha miaka mitatu. Ila jumlisha watoto, usijumlishe asilimia. Mfano: 2022 walifaulu 14 kati ya 16, 2023 walifaulu 21 kati ya 35, 2024 walifaulu 19 kati ya 20. Ukichukua wastani wa asilimia tatu utapata 80.8. Ukijumlisha watoto, ni 54 kati ya 71, yaani 76.1. Namba ya pili ndiyo ya haki, kwa sababu ule mwaka mbaya ulikuwa na watoto wengi.

Kisha linganisha kundi moja na lenyewe. Waliofanya darasa la saba 2024 walifanya upimaji wa darasa la nne 2021, na matokeo hayo yapo kwenye tovuti ile ile, chini ya SFNA. Mitihani ya miaka miwili tofauti haina ugumu sawa, kwa hiyo usiseme wamepanda kutoka 140 hadi 160. Pima umbali wao na shule za kata yao: darasa la nne walikuwa wa sita kati ya shule nane, darasa la saba wakawa wa tatu. Hilo ndilo linalokuonyesha kazi ya walimu. Shule inayopokea watoto wazuri na kuwarudisha walivyo haijafanya kazi kubwa hivyo.

Hatua ya 7: Linganisha na wanaofanana

Orodhesha shule nne au tano zenye mazingira ya karibu: idadi inayolingana, umbali unaolingana na mjini, lugha moja ya kufundishia. Olympio na Diamond za Dar es Salaam ni shule za serikali, lakini zinafundisha kwa Kiingereza na wazazi wanalipia. Ukiziweka kwenye jedwali moja na shule ya Chanika utakuwa unapima mifuko ya wazazi. Vivyo hivyo shule iliyo jirani na kambi ya jeshi au chuo cha ualimu, ambako nusu ya wazazi ni watumishi.

Kwa takwimu za halmashauri nzima, TAMISEMI hutoa takwimu za elimu msingi kila mwaka. Zinakusaidia kujua kama upungufu wa walimu ni wa shule yako au wa wilaya yote. Kama ni wa wilaya, mwalimu mkuu hana jibu, na swali ulipeleke kwa diwani.

Hatua ya 8: Zipeleke namba kwenye kikao

Anza na mwalimu mkuu faraghani. Ukimshtukiza mbele ya mkutano wa wazazi atajitetea, na utakuwa umepata adui badala ya rejesta. Mwambie: "Mwalimu, nimejaribu kulifuata kundi la mwaka jana, nimeona kuna watoto 28 siwaelewi walipo. Unaweza kunisaidia?" Walimu wakuu wengi wana majibu na hawajawahi kuulizwa. Akigoma kabisa, pitia kwa mwenyekiti wa kamati ya shule, kisha afisa elimu kata. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inakupa haki ya kuomba kwa maandishi na kujibiwa ndani ya siku 30, lakini iweke mwisho. Barua ya namna hiyo hufunga mazungumzo.

Kwenye kikao peleka ukurasa mmoja wenye namba sita: waliotarajiwa, waliofika, waliofaulu, tofauti ya wasichana na wavulana, mahudhurio ya siku ya mnada, na idadi ya watoto darasa la pili kwa mwalimu mmoja. Majina ya watoto yabaki kwenye rejesta. Usipige picha orodha ya watoro na kuituma kwenye kundi. Mtoto aliyeacha shule kwa mimba au kwa umaskini hahitaji kata nzima ijue, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inakuhusu na wewe.

Omba uamuzi unaopimika. "Tuongeze juhudi" haupimiki. "Ifikapo Machi, wajumbe wawili na mwenyekiti wa kitongoji wawe wamefika nyumbani kwa kila mtoto aliyekosa masomo wiki mbili" unapimika.

Jambo la kuandaa mapema: 2027

Kwa sera mpya elimu ya msingi inakuwa miaka sita. Waliokuwa darasa la nne mwaka 2024 watamaliza la saba mwaka 2027, na waliokuwa la tatu watamaliza la sita mwaka huo huo. Makundi mawili yatatoka pamoja, na yale ya darasa la sita yamesoma kwa mtaala mpya. Hesabu ya Hatua ya 3 itabidi uifanye mara mbili, kila kundi kivyake, na kulinganisha 2027 na 2026 moja kwa moja hakutakuwa na maana. Rejesta za darasa la tatu na la nne za 2024 ndizo utakazozihitaji. Nenda ukazinakili idadi zake sasa, kabla mwalimu mkuu hajahamishwa na kabati la ofisi halijabadilisha mtunza funguo.